Maendeleo ya Kuridhisha: Yanamridhisha Nani?

Neno maendeleo halina makuu. Limezaliwa na kitenzi kuendelea, na kuendelea nako kumezaliwa na kwenda. Anayeendelea ni yule ambaye hajasimama njiani. Awe anakimbia, awe anajikongoja, maadamu hatua inafuata hatua, Mswahili atasema kwamba mtu huyo anaendelea. Ndani ya neno lenyewe hamna kipimo cha kasi.

Vyuoni Marekani, hata hivyo, kuna kanuni ambayo kwa Kiswahili yaweza kuitwa maendeleo ya kuridhisha ya masomo, na katika kanuni hiyo kasi ni nguzo kuu. Mwanafunzi anayesoma kwa msaada wa fedha za serikali kuu ya nchi hiyo hutakiwa kuthibitisha, muhula baada ya muhula au mwaka baada ya mwaka, kwamba anakwenda kwa mwendo uliowekwa. Asipoufikia mwendo huo hunyimwa ruzuku na mkopo, hata kama bado yumo darasani, bado anafanya mitihani na bado anafaulu baadhi yake.

Huenda msomaji wa jarida la Kiswahili akauliza jambo hili linamhusu vipi. Linamhusu kwa njia mbili. Mosi, Kiswahili hakiishii Namanga wala Kigoma. Mwanafunzi aliyeondoka Nairobi akiwa na viza ya masomo haguswi na kanuni hii, kwa kuwa hastahiki msaada huo tangu awali. Wanaoguswa ni wenye uraia au ukaaji wa kudumu, nao ni pamoja na watoto wa familia za Kenya zilizohamia huko kupitia bahati nasibu ya viza, na vijana wa familia za wakimbizi kutoka Kongo ambazo lugha yao ya mezani ni Kiswahili. Pili, Kenya yenyewe imo katika kuupanga upya ufadhili wa elimu ya juu, na nchi inayopanga nyumba haina budi kuchungulia kwa jirani na kuona paa lake linavuja wapi.

Msaada unaozungumziwa hapa una historia ya kuheshimika. Sheria ya Elimu ya Juu ilitiwa saini na Rais Lyndon B. Johnson mwaka 1965, nia yake ikiwa kwamba umaskini wa mzazi usimfungie mtoto lango la chuo. Mwaka 1972 ikaongezwa ruzuku ya wanafunzi wasiojiweza, ambayo tangu 1980 inajulikana kwa jina la Seneta Claiborne Pell wa jimbo la Rhode Island. Ruzuku ya Pell hairudishwi kama mkopo, na katika mwaka wa masomo wa 2024/25 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395. Sharti la maendeleo liliingia katika sheria mwaka 1976, na kanuni zinazolifafanua zikakazwa upya kuanzia Julai 2011.

Sharti lenyewe lina mikono mitatu. Wa kwanza ni alama: kwa shahada inayozidi miaka miwili, ifikapo mwisho wa mwaka wa pili mwanafunzi awe na wastani wa C au unaolingana nao, na vyuo vingi humdai wastani huo mapema zaidi. Wa pili ni muda: asichukue zaidi ya asilimia 150 ya urefu wa programu yake. Wa tatu ni mwendo, nao umetokana na wa pili. Masomo ya Marekani huhesabiwa kwa krediti, kozi ya kawaida ikiwa na krediti tatu, na shahada ya kwanza aghalabu huhitaji krediti 120. Asilimia 150 ya 120 ni 180. Anayetaka kukamilisha 120 kabla ya kujaribu zaidi ya 180 sharti afaulu thuluthi mbili ya kila anachojisajili. Hapo ndipo ilipotoka asilimia 67 inayotajwa katika miongozo ya vyuo vingi kana kwamba iliteremshwa kutoka mbinguni. Kozi aliyoanguka huhesabiwa kuwa imejaribiwa. Aliyojiondoa katikati ya muhula huhesabiwa vilevile. Akiirudia, huhesabiwa tena.

Na ichukuliwe sasa hali ya msichana mmoja wa kubuni, aliyejisajili kozi nne katika chuo cha jamii, yaani krediti 12. Usiku anafanya kazi ya kuwatunza wazee katika makao yao, kazi iliyowalisha Wakenya wengi ng'ambo, na asubuhi anakwenda darasani. Katikati ya muhula mamake anaugua. Anajiondoa katika kozi mbili ili aokoe mbili zilizobaki, na kweli anaziokoa. Hesabu yake ni krediti 6 kati ya 12, asilimia 50. Chuo kinampa onyo. Muhula wa pili anajifunga kibwebwe, anachukua kozi nne na kufaulu tatu. Sasa ana krediti 15 kati ya 24. Hiyo ni asilimia 62.5. Msaada unakatwa.

Hapa ndipo inapofaa kusimama kidogo. Binti huyu muhula wa kwanza alifaulu nusu ya masomo yake, na muhula wa pili akafaulu robo tatu. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi angeandika katika ripoti yake kwamba ameendelea vizuri. Mzazi angemchinjia kuku. Lakini kanuni haiangalii anakoelekea. Inaangalia jumla tu, na jumla imebeba mzigo wa muhula ule wa maradhi. Ili aponee, ilimpasa afaulu kozi zote nne bila kuteleza hata moja, katika muhula uleule aliokuwa akiambiwa kwamba yeye ni dhaifu. Kwa maneno mengine, aliyeteleza hutakiwa kukimbia kuliko ambaye hakuteleza. Swali basi si kama kuwe na kipimo au kusiwe. Swali ni kama kipimo kinachoitwa cha maendeleo kinapima maendeleo.

Watetezi wa sharti hili wana hoja, na si hoja za kubezwa. Fedha ni za umma. Mlipa kodi ana haki ya kujua kwamba anayemlipia karo anasoma, wala si mtu aliyejisajili ili apokee hundi kisha atoweke. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na msaada usio na masharti waweza kumlegeza hata mwenye nia njema. Isitoshe, sehemu ya msaada huo ni mkopo. Kumwacha mwanafunzi akope mwaka hadi mwaka ilhali hana dalili ya kuhitimu ni kumchimbia shimo la madeni bila kumpa shahada ya kutokea. Hoja hii ya mwisho ndiyo yenye nguvu zaidi, na yeyote anayeipinga kanuni hana budi kuijibu.

Jibu limo katika matokeo. Watafiti wawili, Lauren Schudde na Judith Scott-Clayton, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2016, walikadiria kwamba kati ya asilimia 25 na 40 ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaopokea ruzuku ya Pell katika vyuo vya umma wana matokeo ya chini kiasi cha kuhatarisha msaada wao. Hao si wavivu wachache wa kuadhibiwa ili wengine wajifunze. Ni kuanzia mmoja kati ya wanne. Kazi yao iliyofuata, iliyohusu vyuo vya jamii, ilionyesha kwamba baada ya miaka kadhaa sharti hili huelekea kupanua pengo: wanafunzi maskini wenye alama za chini husukumwa nje upesi kuliko wenzao wenye alama zizo hizo ambao hawakuwa wakitegemea msaada. Yaani waliofeli pamoja hawaondoki pamoja. Mwenye mzazi wa kumlipia hubaki na kujaribu tena, maana hakuna anayemuuliza kuhusu thuluthi mbili.

Ni kweli kwamba kuna mlango wa rufaa. Kanuni inataja kifo cha jamaa, ugonjwa au jeraha la mwanafunzi mwenyewe, na hali nyingine maalumu. Anayekata rufaa hueleza kwa nini hakufikia kiwango na nini kimebadilika hata aweze kukifikia sasa. Akikubaliwa huwekwa katika kipindi cha uangalizi au hupewa mpango wa masomo wa kufuata. Lakini kinachowashangaza wengi ni kwamba chuo hakilazimiki kuwa na mlango huo. Kanuni inaeleza rufaa iweje iwapo chuo kinairuhusu. Kumbe haki ya kusikilizwa, ambayo mtu angeidhania kuwa msingi wa jambo lote, imeachwa mikononi mwa chuo.

Na hata mlango ukiwa wazi, kupita si rahisi. Rufaa ni insha, na yeyote aliyesoma fasihi anajua kwamba insha ina hadhira. Hadhira hii ni karani au kamati iliyo na mafaili mengi mezani. Mwombaji anatakiwa kuifunua huzuni yake kwa lugha ya ofisi, aiambatishie vyeti, kisha atangaze kwamba huzuni hiyo imekwisha. Kijana aliyefiwa na baba mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea na kumlipia karo tangu utotoni, atamwitaje katika barua ya Kiingereza? Akiandika mjomba au ami kwa lile neno moja la Kiingereza linalowafunika wote, msomaji wake ataona jamaa wa mbali. Akiandika baba, cheti cha kifo kitamsuta. Lugha ya Kiswahili inampa baba mkubwa nafasi yake bila maelezo. Fomu haina nafasi hiyo. Vivyo hivyo safari ya mazishi. Aliyeko Minnesota akizika Vihiga au Taita hawezi kwenda Ijumaa na kurudi Jumatatu, na wiki mbili katika muhula wa wiki kumi na tano si kidogo. Akiamua kujiondoa katika kozi zote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sheria nyingine humtaka yeye na chuo warudishe sehemu ya fedha ambayo haijastahiliwa. Hapo mfiwa hurudi akiwa na deni la chuo juu ya deni la nauli.

Lipo jambo jingine lililo zito kuliko hilo la rufaa. Vyuo vingi huko vina utaratibu wa kumsamehe mwanafunzi makosa ya zamani, alama mbovu za ujanani zikawekwa kando anaporudi akiwa mtu mzima. Kanuni za msaada wa serikali kuu hazitambui msamaha huo. Mtu aliyeacha chuo akiwa na miaka 19 kwa sababu ya utoto, mapenzi au umaskini, akarudi akiwa na miaka 38, watoto wawili na akili iliyotulia, atakuta zile F za miaka kumi na tisa iliyopita zikimngoja langoni. Chuo kimezisahau, fedha hazijasahau. Waswahili husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi huyu anaambiwa anunue koleo jipya kwa fedha zake, afue vyuma mpaka hesabu isimame, ndipo arudi kuomba. Kama angekuwa na fedha hizo asingeomba.

Marekani yenyewe imeanza kuliona tatizo. Mwaka 2023 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuvizuia vyuo vyake kujiwekea masharti makali kupita yale ya serikali kuu, kwa sababu vingine vilikuwa vimejitungia ukali wa ziada ambao hakuna aliyeuagiza. Hiyo ni hatua, ingawa ni hatua ya kupunguza chumvi katika mchuzi ambao huenda ulihitaji kupikwa upya.

Kenya iko wapi katika haya? Mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu nchini ilianza katika miaka ya sabini, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ikaundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1995. Mabishano ya hapa kwa muda mrefu yamekuwa juu ya nani ni maskini na nani si maskini. Mfumo wa ufadhili ulioanzishwa mwaka 2023 uliwapanga wanafunzi katika makundi kulingana na uhitaji wao, wazazi wakalalamika kwamba watoto wao wamewekwa katika makundi yasiyowafaa, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikatamka kwamba mfumo huo unakiuka Katiba, uamuzi ambao nao ulikatiwa rufaa. Katika hali hii ya kutafuta fedha zisizotosha, si vigumu kuona siku ambapo mtu atasimama na kupendekeza kwamba fedha hizo chache wapewe tu wanaofanya vyema, na atatoa mfano wa Marekani. Pendekezo litapigiwa makofi. Lina sura ya haki.

Kabla ya makofi hayo, inafaa kukumbuka alama zilizopotea. Hakuna mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma nchini asiyelijua janga hili. Mtu amehudhuria mihadhara, amefanya kazi za ziada, ameketi katika chumba cha mtihani kwa saa mbili, kisha matokeo yanatoka na mbele ya jina lake pana pengo. Huanza safari ya kutoka ofisi hadi ofisi, kutoka kwa mhadhiri wa muda ambaye tayari yuko chuo kingine hadi kwa msimamizi wa mitihani, na wapo waliokosa kuhitimu na wenzao kwa sababu ya pengo moja tu. Mbele ya kipimo cha Marekani pengo hilo lingehesabiwa namna gani? Kozi imejaribiwa, haijakamilika. Mwanafunzi angeadhibiwa kwa faili lililopotelea katika kabati asilolijua ufunguo wake.

Ikumbukwe pia migomo. Mwaka 2017 na tena mwaka 2018 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kwa majuma kadhaa wakidai haki yao, na madai yao yalikuwa ya halali. Mihula ikavurugika. Kilichopaswa kufundishwa kwa wiki kumi na nne kikasukumwa katika wiki chache, na mitihani ikafanywa na vijana waliosoma nusu. Mwendo wa mwanafunzi ulipimwaje miaka hiyo, na ni nani aliyeupunguza?

Zaidi ya yote kuna kadi ya mtihani. Katika vyuo vingi vya Kenya mwanafunzi haruhusiwi kuingia chumba cha mtihani kabla ya kumaliza karo, na wengi wanaotegemea HELB humaliza karo fedha za HELB zinapofika. Fedha hizo zimezoeleka kuchelewa. Hapo ndipo sharti la maendeleo lingegeuka kitanzi: mkopo unachelewa, kadi haitolewi, mtihani haufanywi, alama hazipo, maendeleo hayaonekani, na kwa kuwa hayaonekani mkopo wa mwaka unaofuata unakatwa. Mwanafunzi angenyimwa fedha kwa kosa la kutopewa fedha. Marekani, pamoja na dosari zote zilizotajwa, angalau haijafika hapo.

Haina maana kwamba Kenya isidai chochote kutoka kwa anayesomeshwa na umma. Mwanafunzi asiyeonekana darasani mwaka mzima hana dai la haki juu ya fedha ambazo zingemsomesha jirani yake. Lakini kipimo, kama kitakuwapo, kifanywe na watu wanaofahamu maana ya neno maendeleo. Kiangalie mwelekeo: aliyetoka nusu kwenda robo tatu ahesabiwe kuwa ameendelea, kwa sababu ameendelea. Kozi ambayo alama zake zimepotea isiingie katika hesabu mpaka chuo kizipate. Muhula uliovunjwa na mgomo usihesabiwe dhidi ya mtu ambaye hakugoma. Rufaa iwe haki iliyoandikwa wala si hisani, na isikilizwe na watu ambao angalau mmoja wao amewahi kumfundisha mwombaji au kumshauri. Na kabla ya fedha kukatwa, pawe na mtu wa kumwita kijana ofisini na kumuuliza, kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao, kuna nini. Idara nyingi tayari zina wahadhiri walioteuliwa kuwa washauri wa wanafunzi, kila mmoja na orodha yake ya majina, na orodha hizo kwa sehemu kubwa zimebandikwa ubaoni tu. Kazi yao ya kwanza yaweza kuwa hiyo: wiki mbili kabla ya mtihani, waulize ni nani katika orodha ambaye bado hajapata kadi, na kwa nini.